Majina Saba, Kazi ya Wawili: Uaminifu wa Kitaaluma na Wajibu wa Pamoja katika Vyuo vya Dini

Karatasi ya mahudhurio ilirudi mezani kwangu ikiwa na sahihi 63, nami nilipoinua macho na kuhesabu vichwa, nilipata wanafunzi 41. Sahihi 22 zilizozidi zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu tatu tu, na mojawapo ilikuwa ya wino wa zambarau, kwa hiyo hapakuhitajika ujuzi wowote wa upelelezi. Kipindi hicho, katika chuo kimoja cha kanisa mjini Moshi ambacho sitakitaja jina, tulikuwa tumekifungua kwa sala iliyoongozwa na kiongozi wa darasa, naye ndiye aliyekuwa na kalamu ya zambarau. Nilipomwita ofisini baadaye, hakukana wala hakuona haya. Aliniambia, "Mwalimu, wengine wako soko la Memorial wanauza mitumba ili wapate ada. Sasa mimi ningewaachaje?"

Jibu lile limenikaa kichwani kwa sababu halikuwa la mtu mwovu. Kijana yule aliamini kwa dhati kwamba anatimiza wajibu wake kwa wenzake, na pengine aliutimiza kwa bidii kuliko wengi wetu tunaohubiri mshikamano. Hapo ndipo mahali penye fundo. Vyuo vyetu vinapozungumzia uaminifu wa kitaaluma huzungumza kana kwamba udanganyifu ni jambo la mtu mmoja aliyejificha na vikaratasi mfukoni, ilhali sehemu kubwa ya udanganyifu ninaoushuhudia mimi ni kazi ya ushirika: mmoja anasaini, mwingine anaandika, wa tatu anachapa, na darasa zima linajua. Kosa linalotendwa na wengi haliwezi kuondolewa kwa kumkaripia mmoja mmoja, na ndiyo maana neno "wajibu wa pamoja" limeingia katika kanuni za wanafunzi, ingawa ni wachache wanaoeleza maana yake.

Ukanda huu wa Arusha na Moshi ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili, kwa kuwa vyuo vikuu vya dini vimepangana kandokando ya barabara moja. Ukitoka Arusha mjini kuelekea mashariki utaikuta Makumira, ambako Walutheri walikihamishia chuo chao cha theolojia mwaka 1954. Mbele kidogo, upande wa Usa River, kuna Chuo Kikuu cha Arusha cha Waadventista Wasabato. Na ukifika Moshi wapo Wakatoliki wa Mwenge, wapo Walutheri walioupa chuo chao jina la Askofu Stefano Moshi, na ipo KCMC inayofundisha madaktari na wauguzi. Vyote vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, kwa hiyo kuhusu mitihani na vyeti, havina uhuru wa kujitungia viwango kama vinavyojitungia ratiba ya ibada. Vilevile vyote hupokea wanafunzi wasio wa dhehebu lenye chuo, wakiwemo Waislamu, na hilo ni la kukumbukwa kabla mtu hajasema kwamba "sisi sote hapa tunaamini hivi au vile".

Makosa yenyewe yanafahamika. Yapo ya chumba cha mtihani, yaani kuangalizia, kuingia na vikaratasi au simu, na kumfanyia mwenzako mtihani. Yapo ya kazi za nyumbani, ambako kudesa, yaani kunakili kazi ya mwenzako, limekuwa neno la kawaida kiasi kwamba mwanafunzi hulitamka mbele ya mwalimu bila kushtuka. Yapo ya kubuni data, hasa kwa wale waliotakiwa kwenda kijijini kuhoji watu 80 wakaishia kujaza hojaji wenyewe hosteli. Na upo wizi wa maandiko, yaani kuchukua maneno au mawazo ya mtu mwingine na kuyaweka chini ya jina lako. Huo wa mwisho ndio unaohitaji maelezo marefu, maana wengi huudhania kuwa suala la kusahau alama za kunukuu.

Nje ya lango la karibu kila chuo kuna steshenari, na ndani ya kompyuta ya steshenari mara nyingi kuna folda. Sisemi kila mwenye steshenari ni mwizi. Wengi wao wanachapa kwa haki na wanajua kupanga kurasa kuliko sisi walimu. Lakini kila kazi iliyowahi kuletwa na kuchapwa inaweza kubaki pale, na anayekuja na haraka ya tarehe ya mwisho huambiwa kwa sauti ya chini kwamba ipo inayofanana na mada yake. Niliwahi kusimamia utafiti uliohusu utoro katika shule za sekondari za Kibosho. Sura ya kwanza ilikuwa safi, ya pili ilikuwa safi zaidi, na katika sura ya nne, kwenye aya ya tatu, mwandishi akaeleza jinsi wanafunzi wanavyochelewa "hasa wakati wa mvua, Mto Malagarasi unapofurika". Malagarasi iko magharibi ya nchi, na mtoto wa Kibosho angehitaji zaidi ya siku nzima kwenye basi ili acheleweshwe nayo. Jina la wilaya lilikuwa limebadilishwa kote kwa amri moja ya kompyuta, lakini mto haukuwa umeambiwa.

Mwanafunzi yule hakuwa mvivu kwa asili. Alikuwa amekopa, bumu lake, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, lilichelewa, na alikuwa anafukuzia wastani wa 3.5, ambao katika mfumo wetu wa alama tano ndio mwanzo wa daraja la pili la juu. Hayo yote nayaelewa. Lakini nilitaka aone kwamba tendo lile lilikuwa na watu wengi ndani yake: aliyeandika kazi ya kwanza akaiacha steshenari bila kujali, aliyeiuza, rafiki aliyemwonyesha folda, na wenzake wanne wa chumba kimoja ambao, kama alivyokiri mwenyewe, walimcheka alipokuwa akibadilisha majina ya vijiji na hawakusema lolote zaidi ya hapo.

Watu wengi siku hizi wanadhani kwamba mashine imemaliza tatizo. Programu kama Turnitin hupima ufanano tu, na ufanano si wizi. Mwanafunzi wa theolojia aliyenukuu mistari mingi ya Biblia na kuiwekea rejea sawasawa anaweza kupata asilimia 30 ilhali hana kosa, na mwingine aliyeiba hoja nzima ya mtu na kuibadilisha maneno akapata asilimia nane. Kwa anayeandika kwa Kiswahili pengo ni kubwa zaidi, kwa sababu tasnifu nyingi za Kiswahili zimekaa kwenye rafu za maktaba bila kuingizwa kwenye mtandao wowote, na anayetafsiri makala ya Kiingereza kwa uangalifu mara nyingi hupita bila kuguswa. Tangu ChatGPT, programu ya akili unde inayojiandikia yenyewe, itolewe mwishoni mwa mwaka 2022 hata kipimo cha ufanano kimepungukiwa, kwani maandishi ya akili unde hayajanakiliwa kutoka mahali pamoja panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Programu zinazodai kuyatambua hukosea, na mwalimu anayemhukumu mtu kwa tarakimu ya programu hiyo peke yake anatenda dhuluma. Kinachobaki ni kile kilichokuwepo tangu zamani: watu waliokaa karibu na mwandishi wakati anaandika. Wenzake wanajua.

Wanajua, lakini je, wanawajibika? Kabla ya kujibu hilo, vyuo vya dini vinapaswa kutenganisha vitu viwili ambavyo kwa mazoea vinachanganywa, yaani dhambi na kosa la kitaaluma. Kuiba kazi ya mtu kunaweza kuwa vyote viwili kwa pamoja, ila kila kimoja kina mlango wake. Dhambi hupelekwa kwa Mungu, na kwa Wakatoliki hupelekwa katika kitubio, ambako padre amefungwa na siri ambayo hawezi kuifungua hata mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo chake mwenyewe. Kosa la kitaaluma hupelekwa kwa mkuu wa idara, kwenye kamati, na hatimaye kwenye Seneti, baraza kuu la taaluma la chuo. Nimewahi kumsikia mwanafunzi akiuliza, kwa mshangao wa kweli, kwa nini amepewa supu, yaani mtihani wa marudio, wakati mchungaji wa chuo alikwisha kumwombea. Swali lile si la kuchekwa. Tumelipanda sisi wenyewe tunapozungumzia mtihani kwa lugha ya mahubiri tu. Isitoshe, mafundisho yenyewe ya kanisa hayampi anachokitaka, kwani toba ya wizi imeambatana na kurudisha. Zakayo hakuishia kusikitika. Aliahidi kurudisha mara nne. Alama hairudishwi kwa sala. Inarudishwa kwa kwenda kwa mwalimu, kusema, na kuikalia kazi upya.

Sasa tuje kwenye wajibu wenyewe. Anayetaka kuuelewa asianzie darasani. Apande mlima Kilimanjaro kidogo, hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, ambako tangu kabla ya ukoloni maji yamekuwa yakishushwa mashambani kwa mifongo, yaani mifereji ya asili. Mfongo mmoja huhudumia kaya nyingi kwa zamu. Aliye juu akifungua maji usiku wakati si zamu yake, anayeamka na kukuta udongo mkavu ni aliye chini, ambaye pengine hawajuani naye. Kwa hiyo walioshiriki mfongo hawakuona kwamba zamu ni jambo la kila mtu na dhamiri yake. Walisafisha pamoja, asiyefika alitozwa, na kwa macho yangu, aliyeona maji yameelekezwa pasipo zamu akanyamaza hakuwa mbali na aliyekula njama. Anayesema kwamba maji hayafiki si mchongezi.

Alama ni maji ya mfongo. Chuoni tunasahau kwa sababu aliye chini hatumwoni. Ni mwanafunzi wa kidato cha tatu huko Rombo atakayefundishwa fizikia na mtu ambaye hakuwahi kuielewa, ni mgonjwa atakayehesabiwa kipimo cha dawa na aliyeangalizia mtihani wa hesabu za dawa, na aliye karibu zaidi ni mwenzako mwenye wastani wa 3.4 alioupata kwa jasho, atakayeachwa kwenye usaili kwa ajili ya 3.6 ya kuandikiwa.

Wajibu huu una tabaka tatu ambazo hazina uzito sawa, na kanuni nyingi huziandika kwa sentensi moja kana kwamba ni kitu kimoja. La kwanza ni kutodanganya mwenyewe, na hilo halihitaji maelezo. La pili ni kutomlisha anayedanganya: kutompa kazi yako "aione tu mpangilio", kutomsainia, kutoiacha kazi yako kwenye kompyuta ya watu, kutoliweka jina lake kwenye kazi ya kikundi ambayo hakuigusa. La tatu ni kutonyamaza unapoona. Vyuo huhangaika sana na la tatu kwa sababu ndilo linalofanana na upolisi, nami naona la pili ndilo lenye faida kubwa na ndilo linalofundishwa kwa uchache. Udanganyifu wa mwanafunzi mmoja unahitaji riziki, na riziki hiyo karibu yote hutoka kwa wanafunzi waaminifu. Anayeazima madesa yake, yaani maandishi ya masomo, ili mwenzake asome anafanya wema. Anayeazima kazi aliyokwisha kuiandika, usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, anajua vizuri kwamba haiazimwi kwa ajili ya kusomwa.

Tabaka la tatu ndilo gumu, na kwenye chuo cha dini lina ugumu wa ziada. Mwanafunzi anayekataa kusema hasemi kwamba anaogopa. Anasema Maandiko yanamkataza. Walutheri na Wakatoliki huita "Usimshuhudie jirani yako uongo" amri ya nane, ilhali Waadventista na Waanglikana huihesabu ya tisa, lakini wote huifahamu, na mwanafunzi wa Makumira aliyekariri Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 atakuambia kwamba amri hiyo haikatazi uongo tu, inamtaka pia amtetee jirani, amseme vizuri na kuyatafsiri mambo yake kwa wema. Hoja hiyo ina uzito, nami sipendi inapopuuzwa. Ila kumtafsiri mtu kwa wema ni kwa mambo yenye mashaka. Aliyenyoosha shingo mara nne juu ya karatasi yako hajakuachia mashaka. Na kitabu cha Mambo ya Walawi, katika sura ya 19, kinaweka kumkemea mwenzako mkabala na kumchukia moyoni, kana kwamba kunyamaza ndiko chuki. Wanafunzi wetu Waislamu wanayo hadithi mashuhuri ya Mtume aliyesema msaidie ndugu yako awe dhalimu au mwenye kudhulumiwa, na alipoulizwa atasaidiwaje dhalimu, akajibu kwamba ni kwa kumzuia asidhulumu.

Jambo linalonishangaza ni kwamba vyuo vya kanisa vinavyo tayari utaratibu wa hatua, umeandikwa katika Mathayo 18, na bado vinaweka masanduku ya malalamiko yasiyo na jina. Utaratibu ule unaanza na kumwendea ndugu mkiwa wawili tu, kisha kwenda na mmoja au wawili zaidi, na kanisa huambiwa baadaye. Ukiutafsiri kwa maisha ya hosteli, hatua ya kwanza ni kumwambia mwenzako kwamba umeona, na kwamba anayo nafasi ya kwenda kwa mwalimu mwenyewe kabla ya Ijumaa. Wengi huishia hapo, na ni vyema waishie hapo. Mchongezi huruka hatua hizo zote, na ndicho kinachomtofautisha na anayewajibika. Upo mpaka, hata hivyo: mtihani uliovuja hauna subira ya hatua tatu, kwa kuwa kila saa inayopita inaongeza walioguswa, na hapo anayejua aende moja kwa moja kwa mtahini.

Waliotangulia katika mambo haya ni vyuo vya Marekani, na historia yao haina sura moja. Chuo Kikuu cha Virginia kilianza mfumo wa kiapo cha heshima mwaka 1842, miaka miwili baada ya profesa mmoja kupigwa risasi na mwanafunzi, na kwa vizazi vingi adhabu ilikuwa moja tu, kufukuzwa kabisa, mpaka wanafunzi wenyewe walipopiga kura mwaka 2022 kuiondoa. Princeton walianza mwaka 1893, wanafunzi wakisimamia ahadi yao wenyewe badala ya kusimamiwa na walimu. Haverford, chuo kilichoasisiwa na Wakweka (Quakers), dhehebu la Kikristo, huwataka wanafunzi waipitishe upya kanuni yao kila mwaka, na wasipoipitisha haipo. Brigham Young cha Wamormoni kilichukua njia nyingine, kikaweka udanganyifu wa mitihani katika kanuni moja na pombe, mavazi na mwenendo wa usiku. Matokeo yake yalionekana mwaka 2016, chuo kilipolazimika kuahidi kwamba mwanafunzi anayeripoti kushambuliwa kingono hataadhibiwa kwa kuvunja kanuni nyingine wakati wa tukio, kwa kuwa waathirika walikuwa wakiogopa kusema.

Somo hilo linatuhusu kwa karibu. Mwanafunzi aliyekuwa nje ya hosteli saa tano usiku, akaoneshwa karatasi ya mtihani wa kesho kwenye simu ya mtu, hatakuja kusema kama kusema kwake ni kukiri kwamba alikuwa nje. Chuo kinachotaka wanafunzi wake wawe macho yake hakina budi kuamua kwanza ni kosa lipi kiko tayari kulifumbia jicho.

Tena kuna jambo ambalo huitwa wajibu wa pamoja na sivyo lilivyo: kufuta mtihani wa watu 120 kwa sababu ya saba waliouona kabla. Wakati mwingine hakuna budi ufutwe, kwa ajili ya usalama wa alama, lakini isiitwe wajibu. Hiyo ni adhabu ya pamoja, na inawafundisha 113 kwamba uaminifu haukuwafaa kitu. Wajibu huja na mamlaka. Kwenye mfongo, yule yule aliyesafisha ndiye aliyekaa kwenye kikao cha kupanga zamu. Mwanafunzi asiyekuwa na kiti chenye kura kwenye kamati inayosikiliza kesi hizi, asiyeshauriwa kuhusu uzito wa adhabu, na asiyeambiwa kesi iliishaje, hajashirikishwa wajibu wowote. Ameombwa tu awe mtoa taarifa.

Kwa upande wangu nilianza na kidogo, nikaanzia kwenye kazi za vikundi, kwa sababu ndizo shule ya kwanza ya udanganyifu wa pamoja. Majina saba kwenye ukurasa wa mbele, kazi ya wawili: kila mwalimu wa huku anaujua wimbo huo. Sasa kila kikundi huleta ukurasa wa ziada ambao kila mmoja ameandika kwa mkono wake alichokifanya, na wenzake wote wametia sahihi kwamba ni kweli. Sikuwaahidi zawadi wala sikuwatisha. Muhula wa kwanza karibu wote waliandika kwamba "walishiriki kikamilifu", maneno yale yale, kama waliokaririshwa. Muhula wa pili kikundi kimoja kilileta majina matano badala ya saba, na dada mmoja akaja ofisini kueleza, huku akitazama dirisha, kwamba wawili waliombwa mara mbili na mara ya tatu waliambiwa mbele ya wenzao.

Kwenye ukurasa wa kikundi kingine, chini ya maelezo marefu ya nani alisoma sura gani na nani aliandika hitimisho, kulikuwa na mstari mmoja wa mwandiko mkubwa uliotiwa sahihi na wote sita: "Mimi nilitoa hela ya kuchapa, shilingi 3,500." Niliusoma mara mbili. Kwa kazi ile nilimpa sifuri, kama inavyostahili, kisha nikampa kazi nyingine ya kufanya peke yake na wiki mbili za kuifanya, nafasi ambayo yule wa Malagarasi hakuipata.